Msikiti wa Plaiwudi

Fundi Mshamu alifariki mwezi uliopita, akazikwa kwao Mikindani, na siku ya khitima yake ndipo nilipomwona Hidaya tena. Wanawake tulikuwa uani, tumekaa kwenye mikeka tukimenya vitunguu vya pilau na kuwasema watu kwa sauti ya chini, kama ilivyo ada ya msibani machozi yakishakauka. Akaingia mama mmoja mnene, anachechemea, akawapa mkono waliokuwa karibu na mlango. Uso wake haukuniambia kitu. Mkono ulipofika mbele yangu nikaona mgongo wa kiganja una mabaka meusi yaliyokunjamana, na hapo nikamjua, kwa sababu na mimi ninayo. Mafuta ya ganda la korosho hayamsahau mtu. "Mwanaidi," akasema, basi, bila dada wala bibi, kama tulivyokuwa tukiitana zamani, kisha akaenda kukaa mbali nami, karibu na wapishi. Zaidi ya miaka ishirini imepita, na bado alipima mahali pa kukaa. Iliniuma kuliko nilivyotarajia, na mimi si mtu wa kuumia hovyo.

Sina haja ya kueleza nilizaliwa na nani wala nilisoma wapi. Anayetaka hayo akaulize mtaani kwetu Shangani, atajibiwa na kuongezewa chumvi. Mwaka ninaoutaka mimi ni ule nilioajiriwa kwenye kampuni ya vijumba. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, naandika kwa brashi majina ya saluni na maduka ya dawa, ndipo alipoingia mjini Bwana Leonsi, mtu wa Kilimanjaro aliyehamia Dar es Salaam, mwenye kampuni ya kutengeneza seti na majengo madogo ya filamu. Yeye aliyaita modeli. Sisi tukayaita vijumba, na kabla ya kiangazi kwisha hata yeye alikuwa akiita vijumba. Alikuwa amepata kazi ya wageni fulani waliotaka kutengeneza filamu ya kijiji cha mdomoni mwa Ruvuma kilichochomwa moto enzi za Wajerumani. Akakodi ghala la korosho lililokuwa tupu, njia ya Naliendele, akaligawa kwa kuta za plaiwudi: huku karakana ya Fundi Mshamu, huku rangi, na pembeni ofisi yake mwenyewe, ambayo ukuta wake ulikuwa mwembamba kiasi kwamba akipiga chafya tulimwitikia. Ghala lile halikuacha kunuka korosho hata siku moja. Ukirudi nyumbani na ukaoga, ukilala tu unaisikia harufu ile ikitoka kwenye nywele.

Kazi yangu iliitwa kuzeesha. Ukuta umetoka kwa seremala asubuhi, jioni uonekane umepigwa na masika ya miaka mingi. Makuti mapya tuliyanyunyizia chai ya rangi iliyochemka mpaka ikawa chungu, sakafu tuliipaka majivu na udongo, na mbao tulizipaka mafuta ya ganda la korosho, kwa sababu yanatia weusi unaoingia ndani, si wa kukaa juu juu. Mafuta hayo yanaunguza ngozi kama maji ya moto. Glavu zilikuwepo, lakini brashi nyembamba haishikiki kwa glavu, na mimi nilikuwa na kiburi cha kazi. Msaidizi wangu wa kuchanganya alikuwa Hidaya, binti wa Mzee Nambunga wa Namtole, kijiji kilichoko chini ya Kilambo, mto unapoanza kujitanua kuifuata bahari. Kwa kuwa hakuwa na ndugu mjini, alihamia chumbani kwangu, tukalala kitanda kimoja mwaka ule wote. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa kukasirika, mwepesi wa kusahau. Kila alipotoka kwao alirudi na ming'oko, tukaichemsha na chumvi tukaila kwa chai, na Bwana Leonsi alipoonja mara ya kwanza akauliza kama hii ni mizizi ya kula au ni ya kutibia. Hidaya akamjibu, "Inatibu njaa, bosi." Tulimcheka wiki nzima, naye alicheka pia. Nasema hivyo makusudi. Hakuwa mtu mbaya, na habari hii ingekuwa rahisi kuisimulia kama angekuwa.

Vijumba vilikuwa vya picha za mbali, kijiji kizima kikionekana kutoka juu, kimekaa kwenye meza. Fundi Mshamu ndiye aliyekuwa bwana wa meza hiyo, mtu mwembamba, hana maneno mengi, ila akianza kulalamika hasimamishwi. Lalamiko lake kubwa lilikuwa moja. "Nyumba inapunguzika," alisema, "mnazi unapunguzika, hata binadamu unampunguza anakuwa kama kidole. Moto na maji havipunguziki. Choma kijumba uone, ulimi wa moto unakuwa mrefu kuliko mlango. Hata mtoto atasema huo mchezo." Kwa sababu hiyo, vitu vitakavyoonekana kwa karibu, hasa vile vya kuungua, vilijengwa kwa ukubwa wake kamili, na mahali palipochaguliwa ni Namtole, kwenye uwanda ulio pembeni ya kijiji. Tukajenga nyumba, tukajenga baraza, na katikati tukajenga msikiti wa plaiwudi uliopigwa jasi kwa nje ukaonekana wa mawe na chokaa. Niliuzeesha kwa mikono yangu. Nitasema ukweli, ulikuwa mzuri. Milango yake niliipaka mafuta mara nyingi mpaka ikawa na ule weusi wa milango ya zamani ya Mikindani. Kasoro yake ilikuwa moja, mihrabu ilitazama mashariki, baharini, kwa kuwa wageni walitaka jua la asubuhi liingie kwenye dirisha la upande ule. Kibla kwetu kiko kaskazini. Nilimwambia Fundi Mshamu, akanijibu, "Kamera haiswali, Mwanaidi. Paka rangi."

Sasa lazima nieleze jambo ambalo sisi wote tulilijua na hakuna aliyelitilia maanani. Namtole hapakuwa na msikiti. Uliokuwepo ulikuwa kando ya mto, na Ruvuma ilikuwa imekula ukingo kidogo kidogo mpaka siku moja ikauchukua wote, kuta na kisima. Watu walikuwa wakiswali kwenye banda la makuti lililovuja. Mzee Nambunga, baba yake Hidaya, ndiye aliyekuwa akiadhini na kuwaswalisha, mkulima wa mihogo na mikorosho, mpole sana, mwenye tabia ya kurudia swali lako kabla ya kulijibu. Wakati tunajenga alikuwa akija kuangalia, anapapasa ukuta kwa kiganja, anaondoka. Vijana wa kijiji walitusaidia kubeba mbao. Nilidhani wanafurahia vibarua.

Siku seti ilipokamilika Bwana Leonsi alichinja mbuzi, akawaalika wazee wote. Tulikula wali pale pale mbele ya msikiti, wanaume upande wao na sisi upande wetu, na baada ya kunawa akasimama kutoa shukrani. Alikuwa msemaji mzuri, amezoea hafla za ofisini. Akasema amepokewa kama mtoto wa nyumbani. Akasema yeye ni Mkristo lakini amelelewa kuheshimu dini za watu. Kisha akaunyooshea mkono ule msikiti. "Wazee wangu, huu msikiti si wangu mimi. Msikiti huu ni wenu." Kule alikotoka, hayo ni maneno ya kupigiwa makofi, kama mtu anavyomwambia mgeni hapa ni kwako, naye mgeni hahamishii kitanda chake. Namtole hakuna aliyepiga makofi. Mzee Nambunga akainuka taratibu, akasema, "Bwana, umesema huu msikiti ni wetu?"

"Ni wenu kabisa, mzee," akajibu Leonsi, anatabasamu.

Mzee akawageukia wenzake. "Mmesikia?"

"Tumesikia," wakaitika kwa pamoja, na mama mmoja upande wetu akapiga kigelegele, akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone! Nnungu mkubwa!" Nilimtazama Hidaya. Machozi yalikuwa yakimtoka huku anacheka. Mimi nilijua maneno yale yanabeba nini kwa watu wanaojua kwamba wakfu ni mali iliyotolewa kwa Mungu na hairudi, nikajiambia bosi naye anajua anachosema. Kesho yake mikeka ilikuwa imetandikwa ndani. Walikuwa wameitandika kuuelekea ukuta wa pembeni, wa kaskazini, na mihrabu yetu nzuri imebaki mkono wa kulia haina kazi.

Kwa muda wa majuma kadhaa ilikuwa raha tupu. Wageni walichelewa kufika, adhana ikawa inatoka kwenye msikiti wa plaiwudi kila wakati wake, na Leonsi aliona ni jambo zuri, akawaambia watu wa Dar es Salaam kwenye simu kwamba wanakijiji wameupenda. Hatukuwa tumeisoma ile hadithi ya filamu, ilikuwa kwa Kiingereza na ilikaa mezani kwake. Tulijua nyumba zitaungua. Msikiti hatukuuwazia, kwa sababu akili ya Muislamu haiendi huko yenyewe. Siku moja mchana tulikuwa tunakula ugali wa muhogo na kisamvu, Fundi Mshamu, Hidaya na mimi, sahani moja, na ng'ambo ya ukuta tukamsikia bosi kwenye simu akisema, "Hapana, msikiti unaungua mwisho. Ndiyo, watu wamekimbilia ndani. Ndiyo kilele chenyewe." Hidaya alikuwa na tonge mkononi. Akalirudisha kwenye sahani, kitu ambacho kwetu hakifanywi, akanawa, akatoka nje. Alipanda gari la kwanza la kuelekea Kilambo bila hata kuchukua kanga yake.

Wazee walikuja ghalani kesho yake, Hidaya akiwa nao, kusema msikiti uliokwisha kutolewa hauchomwi. Bwana Leonsi alikuwa amepauka kwa kweli. Hakujua uzito wa alichokisema, na alipoeleweshwa akashika kichwa. "Nilikuwa nawashukuru tu," alirudia kutuambia, sisi wafanyakazi wake, kana kwamba sisi ndio tutakaomhukumu. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Wageni walikuwa njiani, mvua zilikuwa zinakaribia, na kujenga msikiti mwingine wa kuungua hapakuwa na mbao wala muda. Ndipo Fundi Mshamu, yule yule aliyekuwa akisema moto haupunguziki, akasema apewe nafasi ajaribu. Sikuwahi kumwona akifanya kazi vile. Tulitengeneza msikiti wa kimo cha kiuno, kila jiwe tulilichora, madirisha yake tukayakata kwenye chujio la chai. Alichanganya mafuta ya taa na spiriti mpaka akapata moto mdogo na laini, akamwomba mpiga picha apige kwa kasi ile ambayo ukiirudisha kwenye mwendo wa kawaida, vitu vinakwenda polepole na kuonekana vizito. Siku ya kuchoma, Hidaya alinishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaniingia, anasema "Bismillahi, Bismillahi." Kijumba kiliungua kwa moshi mweupe, mzuri, paa likaanguka kwa madaha. Sisi tukapiga makofi. Wale wageni walipotazama picha zile walitazamana, mmoja akasema kitu, Leonsi akatutafsiria bila kututazama usoni. Walisema ni kiberiti kinaunguza boksi.

Kijiji kikamwita shehe kutoka mjini ili aamue. Nilikuwepo, nimekaa na wanawake nje ya banda la makuti, na sauti yake ilitufikia vizuri. Alikuwa mtu mwema, alionekana kuchoka kabla hajaanza. Akamuuliza Mzee Nambunga yule bwana alisemaje, neno kwa neno. Mzee akayarudia maneno yote, kwa uaminifu wake, bila kupunguza hata moja: si wangu mimi, ni wenu. "Basi mwenyewe alianza kwa kusema si wake," akasema shehe. "Mbao ni za wenye filamu, yeye ni fundi wao. Asichokimiliki mtu hawezi kukitoa wakfu. Wazee wangu, hapa hapajawa msikiti. Swala zenu zimefika, msiwe na wasiwasi. Ila jengo ni la watu." Mzee Nambunga akasema, "Jengo ni la watu," kama alivyozoea kurudia, kisha akasema, "Tumesikia." Ni lile lile neno walilolisema siku ya mbuzi. Angebishana ningepata nafuu. Bwana Leonsi, ambaye alikuwa amesimama kando ameshika kofia yake, akaona lazima aseme kitu cha kuwafariji, maana watu wa aina yake hawawezi kuvumilia kimya. Akawaambia wasihuzunike, filamu itakwenda nchi nyingi, msikiti wenu utaonekana dunia nzima. Hidaya alikuwa pembeni yangu. Akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Mwambieni aache kusema wenu."

Waliuchoma asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Wanaume walikuwa wametoa mikeka, wamefagia ndani, jambo lililonishinda kulielewa mpaka leo, kufagia mahali panapokwenda kuungua. Hidaya aliomba asifanye kazi siku ile, akakubaliwa. Mimi sikuomba. Mlango ulikuwa umechubuka pale walipokuwa wakiushika kila siku kwa mikono ya udhu, na wageni wakautaka mweusi sawasawa, kwa hiyo nikapaka. Watu wameniuliza kwa nini, na jibu langu halijabadilika: kazi ni kazi, na ningekataa angepaka mwingine, vibaya. Nilikuwa bado na brashi mkononi walipotuambia turudi nyuma. Sasa, yale mafuta niliyoyapaka miezi yote ile, kwenye kila mbao, hakuna aliyefikiri yatafanya nini kwenye moto. Moto uliposhika tu, ukatoka moshi mweusi, mzito, wa kunata, upepo ukaulaza chini, na msikiti ukapotea machoni. Hatukuona paa likianguka. Tulilisikia. Macho yaliwasha, ngozi ikawasha, watoto wakakohoa na kukimbizwa, wapiga picha wakawa wanapayuka kwa lugha yao. Mzee Nambunga alibaki amesimama pale pale, kofia yake nyeupe imekuwa ya masizi. Moshi ulipopungua palikuwa na majivu na misumari. Hidaya akanijia, akaitazama ile brashi, akanitazama mimi. "Umemaliza kuupaka?" akaniuliza. Niliporudi chumbani siku ile nguo zake hazikuwepo. Kitanda kikawa kikubwa mno, na nilikichukia.

Mimi niliendelea na kampuni ile, nikahamia nayo Dar es Salaam, nikazeesha majumba ya watu mpaka na mimi nikazeeka. Filamu yenyewe sikuwahi kuitazama. Mara nyingi nilialikwa, nikasema ninaumwa kichwa. Fundi Mshamu naye hakuitazama, na tulipokutana tuliongea habari za gundi na misasa, hatukuthubutu kwenda mbali zaidi.

Hiyo ndiyo sababu sikuwa tayari, siku ile ya khitima, Hidaya aliponyanyuka baada ya kula akaja kukaa karibu nami. Hakuniuliza hali. Akasema, "Uliiona ile picha?" Nikamwambia sikuiona. Akatikisa kichwa, akasema basi nikuhadithie. Kijana mmoja wa Kilambo aliileta kwenye sidii, miaka mingi nyuma, akawasha jenereta, kijiji kizima kikakaa chini kutazama. Walisubiri mpaka mwisho. "Msikiti ukaanza kuungua. Moshi mweupe, Mwanaidi! Moshi mweupe kama wa kuni kavu, na paa linaanguka polepole. Hata watoto wadogo walisema huo siyo wetu, wetu ulikuwa mweusi. Kumbe ule mkubwa haukuwafaa. Waliweka kile kijumba chenu."

Niliuliza baba yake alisemaje.

"Baba alisimama mbele za watu akasema alhamdulillahi. Akasema wetu haukuonekana na jicho la mtu yeyote ukiungua, Mungu ameusitiri. Alikuwa na furaha, wallahi, mpaka anakwenda kaburini alikuwa anawahadithia wageni. Mimi nikamwuliza, baba, kama hawakuuhitaji, waliuchoma kwa nini? Akaniambia ninyamaze, nisimharibie. Nikanyamaza. Lakini hatukuwa tena kama zamani, mimi na baba." Akaushika mkono wangu, baka kwa baka. "Wewe ulikuwa mtu wa kampuni. Leonsi sikumwona tena, na shehe alishakufa. Niambie wewe. Msikiti wetu ulisitirika, au tulichomewa bure?"

Msibani mtu husema maneno matamu, na mimi ninayajua yote. Ndani walikuwa wanafunga dua, wanaume wanaitika amina. Nilifikiri kumwambia kwamba baba yake alikuwa mtu wa Mungu na aliona mbali. Pengine ni kweli. Lakini yeye alikuwa ananiuliza mimi, niliyeupaka.

"Mlichomewa bure, Hidaya," nikamwambia.

Alikaa akinitazama, kisha akaanza kulia kwa sauti, kilio cha mtoto mdogo, mpaka wapishi wakaacha miko yao. Wanawake walidhani ni uchungu wa Fundi Mshamu. Wakaja kumzunguka, wakamkumbatia, wanamwambia pole mama, pole sana, na mimi nikawaacha waamini hivyo.